Pamba Masikioni mwa Mama Pacha

Kila hospitali ina mtu wake wa kusimuliwa, na hospitali hii ilikuwa na Mama Pacha wa chumba cha mazoezi ya viungo. Chumba chenyewe kilikuwa mwisho wa korido ndefu, yenye sakafu ya saruji iliyopigwa deki miaka nenda miaka rudi hadi ikang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Mgonjwa akishaingia kwenye korido hiyo, hatua zake zilifika chumbani kabla yake. Mama Pacha, awe anakunja mashuka au anapanga magongo kwa urefu, angeinua kidole kimoja, akasikiliza, kisha akatoa hukumu.

"Goti la kulia. Mwili mzito. Ameshikwa mkono na mtu, na huyo mtu ana haraka zake."

Mlango ulipofunguliwa, akaingia bibi mnene anayechechemea goti la kulia, na nyuma yake binti anayetazama saa. Wauguzi waliocheka mara ya kwanza waliacha kucheka. Habari zikaenea, na wagonjwa wapya wakawa wanakanyaga korido ile kwa adabu, kama watu wanaojua kuwa wameshaanza kupimwa.

Sifa hiyo Mama Pacha hakuitafuta, lakini pia hakuikataa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye viganja vipana vinavyoweza kugeuza mgonjwa wa kiharusi kitandani kama mtu anayegeuza mkate. Alianza na cheti, akapanda hadi stashahada, na shahada yake ya kwanza aliisoma akiwa na mapacha wawili mapajani, huyu ananyonya, yule anachana kitabu. Siku ya mahafali mumewe, ambaye ni fundi viatu, alimshonea viatu vyeusi kwa mkono wake mwenyewe. Vilimbana kweli, ila alivivaa hadi mwisho, na hadi leo mumewe hajaambiwa.

Jambo moja tu lilimkera kazini, na lilitokana na fundi mwashi.

Mwashi huyo alikuja siku moja akiwa ameshika bega, akapita korido moja kwa moja hadi mlangoni kwa Mama Pacha. Alisema bega linamuuma anaponyanyua tofali, na kwamba halina muda mrefu. Mama Pacha alijua la kufanya, lakini sheria ya hospitali ilikuwa wazi: hakuna mgonjwa wa kuguswa katika chumba cha viungo bila karatasi ya rufaa kutoka kwa daktari. Akamwelekeza kwenye foleni. Foleni ikamrudisha nyumbani, akaja tena, ikamrudisha tena. Alipofika na karatasi yake mkononi, bega lilikuwa limeshaganda. Hakuweza hata kujichana nywele, sembuse kushika mwiko.

"Lakini Mama," alisema bila hasira, "si nilikuja kwako mapema?"

Neno hilo lilimkaa Mama Pacha kooni kama mwiba wa samaki. Alitamani lile tusi ambalo mwashi hakulitoa. Tusi mtu hulijibu, likaisha.

Ndipo aliposimama mbele ya ubao wa matangazo na kusoma tangazo la chuo kikuu kuhusu shahada ya uzamili ya tiba ya viungo kwa vitendo. Alijua maana yake. Mwenye shahada hiyo aliruhusiwa na hospitali kupokea wagonjwa wa viungo moja kwa moja, bila rufaa. Alisoma masharti ya kuingia kama mtu anayechagua mchele kwenye ungo, akitoa jiwe moja baada ya jingine. Shahada ya kwanza: anayo. Leseni hai ya kazi: ipo. Uzoefu baada ya kusajiliwa: huo angeweza kuwagawia wengine na mwingine ukabaki. Barua ya mwajiri kukubali kumpa muda wa masomo: daktari mkuu alishasema, "Nenda Mama, utuletee sifa." Na mtihani wa vitendo mbele ya watahini, na mgonjwa wa kweli: huo ulimfanya atabasamu kabisa.

Jiwe la mwisho ndilo lililokataa kutoka. Mwombaji awe na msimamizi katika kituo chake cha kazi, mwenye shahada hiyohiyo, atakayeketi naye kila wiki na kumtazama akihudumia wagonjwa kwa muda wote wa masomo. Msimamizi huyo atie sahihi kwamba amemwona mwombaji akifanya kazi na anamwamini.

Katika hospitali nzima, mwenye shahada hiyo alikuwa mmoja tu. Chapuchapu.

Chapuchapu lilikuwa jina ambalo Mama Pacha mwenyewe alimpachika binti huyo alipokuja zamani kama mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo. Alikuwa mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa mdomo, anafunga bandeji kabla mgonjwa hajamaliza kukaa. Mama Pacha alimtoa chumbani akamketisha kwenye benchi la korido asubuhi nzima. "Kaa hapo usikilize miguu," alimwambia. "Ukijifunza kusikia, utaacha kukimbia." Binti alilia kidogo, akasikiliza, akamaliza mafunzo, akaenda kusoma mbali. Akarudi na uzamili wake majuzi tu, bega la mwashi likiwa limeshaganda, mtulivu, mwenye miwani, na akapewa uongozi wa kitengo.

Mama Pacha alipiga hodi kwenye ofisi yake, chumba kidogo ambacho dirisha lake lilitazama kamba za kuanikia mashuka.

"Karibu Mama. Mbona hodi tena? Mlango huu ulikuwa wako kabla haujawa wangu."

"Mwenye shida hupiga hodi, mwanangu." Mama Pacha alikaa, akalaza tangazo mezani. "Nataka unisimamie."

Chapuchapu alisoma, akavua miwani, akaivaa tena. "Mimi? Nikusimamie wewe?"

"Ndivyo wanavyotaka. Hawakuuliza nani alimfundisha nani kufunga bandeji."

"Mama, unajua mlinzi wa getini mpaka leo ananiita Daktari Chapuchapu?"

"Anakupenda huyo."

"Ananipenda! Juzi kaniita hivyo mbele ya wageni wa wizara." Walicheka wote wawili, kisha Chapuchapu akaanza kuzungusha kalamu mezani. "Mama, nikikukatalia nitakuwa mtovu wa shukrani. Lakini hapa pameandikwa nimekuona ukifanya kazi. Mimi nilikuona nikiwa mwanafunzi, na mwanafunzi huona kwa hofu. Niruhusu nije nikuone tena kwa macho ya kazi. Mgonjwa mmoja tu. Nikishaona, nitasaini."

Mama Pacha alikunja tangazo lake, akasema, "Njoo kesho. Uje na kalamu yako."

Kesho yake Chapuchapu aliketi kwenye kigoda pembeni, karibu na ngazi ndogo ya mazoezi. Haukupita muda, korido ikaanza kusema. Ko, kisha kimya kifupi, kisha kishindo kizito zaidi. Mama Pacha aliinua kidole.

"Nyonga ya kushoto," alisema. "Anakwepa kuuegemea upande huo."

Aliingia mpishi wa shule ya bweni, mtu wa miraba minne, mpole, mwenye karatasi ya daktari iliyoandikwa maumivu ya mgongo. Mama Pacha alitazama karatasi, akatikisa kichwa kwa huruma, maana alishajua kuwa mgongo unasingiziwa.

"Panda kitandani, mjomba. Mgongo huu unatoka kwenye nyonga."

Mpishi alipanda. Mama Pacha akakunja mguu wake, akaunyoosha, akauzungusha, akamwegemea kwa uzito wake wote. Mpishi alivumilia jasho likimtoka, akisema "asante Mama" kila alipovutwa. Nyonga ilizunguka bila kikwazo, laini kama bawaba iliyopakwa mafuta. Mama Pacha alikunja uso, akavuta zaidi.

Kutoka kwenye kigoda, sauti ya Chapuchapu ilikuja polepole. "Samahani Mama. Mjomba, mgongo ulianza lini?"

"Tangu niliporudishiwa viatu vyangu kutoka kwa fundi, mwanangu."

Chapuchapu akainama. Viatu vilikuwa chini ya kitanda, mahali mpishi alipoviacha kwa adabu. Chapuchapu aliviweka mezani vikiwa vimesimama pamoja kama ndugu wawili wanaopigwa picha. Kisigino cha kimoja kilimzidi mwenzake kwa unene wa kidole.

"Hebu tembea bila viatu, mjomba," Chapuchapu alisema.

Mpishi akatembea hadi dirishani na kurudi, wima, miguu ikikanyaga sawasawa kama askari wa gwaride. Alifurahi mwenyewe. "Ee! Kumbe mimi ni mzima!"

Mama Pacha alijaribu kuokoa heshima iliyobaki. "Na huyo fundi aliyekufanyia hivi, yuko wapi?"

"Pale kona ya soko la mboga, mwenye mwavuli mwekundu. Mcheshi sana. Aliniambia vitajilainisha vyenyewe."

Kona ya soko la mboga palikuwa na fundi mmoja tu mwenye mwavuli mwekundu, na fundi huyo ndiye aliyemwoa Mama Pacha.

Chapuchapu hakucheka mbele ya mgonjwa. Alisubiri mpishi aondoke peku, viatu vyake vikiwa vimebaki rehani kwa Mama Pacha, ndipo akainuka na kufunga kalamu yake.

"Sijakataa, Mama," alisema taratibu. "Ila bado sijasaini."

Jioni ile, jua likiwa bado halijazama, Mama Pacha alishuka hadi kona ya soko akiwa amebeba viatu mkononi kama mtu aliyekamata kuku wa wizi. Mumewe alikuwa chini ya mwavuli, misumari midogo ikiwa imejipanga midomoni.

"Hivi vya nani?" alimuuliza.

Fundi alitema misumari kiganjani, akavigeuza. "Vya mpishi. Vimefanya nini?"

"Vimenifelisha mtihani."

"Viatu ndivyo vilivyofanya mtihani, au wewe?"

"Baba Pacha, usinichekeshe. Kisigino hiki mbona kirefu?"

"Mpira uliisha nikiwa nimemaliza mguu mmoja. Wa pili nikapata mwingine, ukawa mnene kidogo. Nikajua utalika." Alikuna shingo. "Mtu mzito yule. Nilitegemea angeula haraka."

"Nimemvuta yule mtu nyonga mpaka machozi! Nyonga nzima! Kwa sababu yako!"

"Pole yake. Kwani hakukuambia kuhusu viatu?"

 Mpishi hakumwambia kwa sababu hakuulizwa. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, ghafla akiwa amechoka. Lililomuuma sasa halikuwa sahihi wala tangazo. Alikuwa akifikiria korido yote ile na wagonjwa wote aliowahukumu kwa kidole kabla hawajasema hata salamu. Wengi alipatia, hilo alilijua. Lakini aliowakosea je, nani alimwambia? Huenda walimwambia "asante Mama" kama mpishi, wakaenda zao wakichechemea vilevile.

"Nadhani niache," alisema. "Umri wenyewe huu. Mapacha ndio wa kusoma sasa."

Mumewe alikuwa ameshaanza kung'oa kisigino kwa koleo. "Mimi nikikosea kiatu, nakibandua nakipiga upya. Sitafuti kazi nyingine." Akampa kile kirefu. "Shika hapo tukate. Mpishi wa watu atakanyaga sakafu ya baridi mpaka lini?"

Asubuhi iliyofuata hakupiga hodi. Aliingia ofisini kwa Chapuchapu na kusimama.

"Kosa langu unalijua. Dawa yake unaijua?"

 Chapuchapu akavuta droo, akatoa bunda la pamba. "Unakumbuka ulinipeleka kwenye benchi nikasikilize?"

"Nakumbuka."

"Basi sasa, Mama, wewe usisikilize."

Tangu siku hiyo, kila mgonjwa alipoanza kukanyaga korido, Mama Pacha alijitia pamba masikioni na kuugeukia ukuta. Alizitoa mgonjwa akishakaa. Sheria ya Chapuchapu ilikuwa ngumu na rahisi: asimguse mtu kabla ya kusikia habari yake tangu mwanzo, asiitaje sehemu yenye ugonjwa kabla ya kuipima pamoja na jirani zake, na akishajua, ajiulize kitu gani kingine kingeweza kufanana na hicho. Huko chuoni, alimwambia, ndivyo watakavyomtaka afanye kwa muda wote wa masomo, tena aandike sababu ya kila hatua, na mwishoni afanye utafiti wake mwenyewe.

Siku za mwanzo zilikuwa za mateso. Maneno "naona hapa tatizo ni" yalimjaa mdomoni kama maji ya kusukutua. Wagonjwa nao walishangaa.

"Daktari, masikio yanakuuma?" mzee mmoja alimuuliza.

"Yalikuwa yananidanganya, baba. Nayapumzisha."

"Mimi ya kwangu yanapumzika tangu mwaka juzi, na hakuna aliyeniita daktari."

Lakini kidogo kidogo mambo yakaanza kufunguka. Mama mmoja, ambaye Mama Pacha angeapa ni kiuno, alisimulia hadi akafikia kusema kwamba ganzi humpanda usiku kutoka kwenye kidole gumba cha mguu. Kijana wa mpira aliyekuja na kifundo cha mguu alitaja katikati ya maneno kwamba huanguka pia akiwa amesimama tu, na Mama Pacha akampeleka kwa daktari haraka. Aligundua kuwa watu hubeba nusu ya jibu mfukoni, na hulitoa tu wakiachiwa nafasi ya kutafuta. Naye Chapuchapu, kwenye kigoda chake, aliandika kidogo na kuitikia kwa kichwa zaidi. Siku ya mwisho ya kupokea maombi alitia sahihi yake, akaongeza mstari mmoja kwa mkono: Nimemwona. Ananifundisha tena.

Mtihani wa vitendo ulifanyika chuoni. Mama Pacha alivaa vile viatu vyeusi vya mahafali, akaingia kwenye chumba kikubwa ambamo watahini watatu waliketi nyuma ya meza. Alitazama chini, nusura acheke. Sakafu yote ilikuwa na zulia zito. Hata tembo angepita pale bila kusikika.

Mgonjwa wake alikuwa mwanamke msuka mikeka, aliyevaa vizuri kama mwenye harusi, anayeegemea upande mmoja.

"Karibu mama. Kaa utulie. Niambie, tangu mwanzo kabisa."

Mwanamke alisimulia, na Mama Pacha alimwachia. Aliuliza kuhusu kazi yake, anakaaje anaposuka, analala upande gani, amewahi kuanguka. Mwishowe akasema, "Naomba uvue viatu, kisha utembee."

"Hivi?" Mwanamke aliinama kwa aibu. "Hata si vyangu. Nimeazima kwa shemeji, niliambiwa kuna maprofesa."

Mtahini mmoja alikohoa ili asicheke. Bila viatu, mwanamke hakuegemea tena upande ule. Ila kidole kikubwa cha mguu wa pili kilikuwa kikikwangua zulia, kikigoma kuinuka. Mama Pacha alipiga magoti na kuanza kupima, akianzia mgongoni, akishuka. Alikuwa amefika kwenye goti kengele ilipolia.

Mtahini mkuu, profesa mwenye mvi na sauti kavu, alitazama karatasi yake. "Muda umekwisha, na hujatuambia mgonjwa ana nini."

"Bado sijajua, Profesa. Nashuku mshipa wa fahamu unaopita hapa, pembeni ya goti, kwa jinsi anavyokunja mguu akisuka. Lakini mguu chini ya goti sijaupima, na mgongo nao bado sijauondolea shaka vizuri."

"Kwa hiyo hujamaliza."

"Sijamaliza."

Profesa aliandika kitu.  Mama Pacha alimsaidia mwanamke kuvaa viatu vya shemeji yake, akatoka akiwa na hakika kuwa amefeli. Njia nzima ya kurudi viatu vilimbana, na kwa mara ya kwanza alivivua hadharani akavishika mkononi.

Simu ya chuo ilimkuta chumbani, mgonjwa mmoja akiwa kwenye baiskeli ya mazoezi. Karani alisema amekubaliwa kwa sharti: asome kwanza kozi fupi ya takwimu, maana shahada yake ya zamani haikuwa nayo ya kutosha, na bila takwimu hataufikia utafiti. Na profesa ameagiza aambiwe kuwa pale mkono wake ulipokuwa umefika, kwenye goti, ndipo palipokuwa na ugonjwa.

"Takwimu!" alimlalamikia mumewe jioni.

"Tutakufundisha sisi," walisema mapacha kwa pamoja, na kwa namna walivyotazamana alijua kuwa wanakusudia kulipiza kisasi cha miaka mingi ya kazi za nyumbani.

Alisoma takwimu, akalia nazo kidogo, akafaulu. Wiki ya kwanza ya uzamili ilipoanza, Chapuchapu alileta kigoda chake pembeni kama ilivyokubaliwa. Korido ikasema. Zilikuwa hatua za watu wawili, na za mmoja Mama Pacha alizitambua kabla hajaikumbuka pamba. Alikuwa fundi mwashi. Kidole chake kikapanda chenyewe. Chapuchapu akakohoa. Kidole kikashuka.

Mwashi aliingia akimsukuma mbele kijana wa kazi mwenzake. Bega lake mwenyewe lilikuwa limelegea sasa, ingawa hadi leo haliinuki lote.

"Mama, huyu bega limemwanza juzi tu. Nimemwambia asingoje kama mimi." Akasita. "Ila hana karatasi."

Mama Pacha aligeuka kumtazama msimamizi wake. Aliye na ruhusa ya kupokea bila rufaa alikuwa palepale, kwenye kigoda, kalamu mkononi, na ilimradi yupo, mwanafunzi wake angeweza kupokea naye.

"Mbona unanitazama mimi?" Chapuchapu alisema. "Mgonjwa wako amesimama."

Mama Pacha akavuta kiti, akakifuta kwa kiganja.

"Karibu ukae, mwanangu," alisema. "Bega niachie kwanza. Wewe nianzie mwanzo."